Unataka kuongoza kampuni ya ushauri ukiwa Kitale au Bungoma? Soma hii kabla hujachapisha kadi

Mwambie mama yako unataka kufungua kampuni ya ushauri. Kuna uwezekano mkubwa atakuuliza, "Ushauri wa ndoa?" Usicheke. Ni swali la haki kabisa. Kinyozi tunajua anauza nini. Mama mboga tunajua. Mwenye agroveti tunajua. Lakini huyu dada mwenye laptopu na faili, anayeshuka matatu pale stendi ya Bungoma saa mbili asubuhi akielekea ofisi za kaunti, anauza nini hasa?

Anauza ujuzi. Na ukifikiria vizuri, huku kwetu biashara ya ujuzi haikuanza jana.

Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956. Mwaka 1964 mahindi chotara ya kwanza ya Kenya yalitoka papo hapo Kitale, kwenye kituo cha utafiti. Tangu wakati huo mkulima wa Kiminini au Chwele anaingia dukani na kulipia pakiti ya kilo mbili za mbegu pesa ambazo zingemnunulia mahindi ya kula mengi zaidi ya hizo kilo mbili. Analipia nini? Analipia miaka ya watu waliokaa shambani wakilinganisha, wakiandika na kutupa kilichokataa kufanya kazi. Ushauri ni mambo hayo hayo, ila pakiti yake ni ripoti.

Kwa hivyo dada yangu, ukiwa na digrii, diploma au akili tu na njaa ya kazi, hii njia ipo. Ila si ile ya picha za LinkedIn, suti na kahawa mkononi. Wacha nikuonyeshe ilivyo.

Waliotangulia walipita njia mbili

Kwanza, majina. Kenya haikosi wanawake walioongoza kampuni za aina hii.

Njia ya kwanza ni kupanda ngazi ndani ya kampuni kubwa. Anne Eriksson alipanda hadi akawa mshirika mkuu wa PwC kanda ya Afrika Mashariki. Anne Muraya alipanda hadi akawa Afisa Mkuu Mtendaji wa Deloitte Afrika Mashariki. Hizi ni kampuni zinazokagua vitabu vya benki, kushauri serikali na kusumbua mameneja kwa maswali magumu. Mtu hafiki pale kwa bahati. Ni mitihani ya uhasibu, miaka mingi ya kukagua vitabu vya wengine, na kutoharibu jina lako hata siku moja.

Njia ya pili ni kujenga yako. Hapa mfano wa karibu ni Gina Din-Kariuki. Alizaliwa Nanyuki, mji ambao kama Kitale uliwahi kuwa wa masetla na mashamba makubwa, wala si mahali ambapo watu walitarajia mkuu wa kampuni ya mawasiliano atokee. Alifanya kazi Barclays kwa zaidi ya mwongo mmoja upande wa mawasiliano ya kampuni. Mwaka 1997 akaacha mshahara wa benki na kuanzisha kampuni yake ya kushauri mashirika kuhusu mawasiliano.

Tazama mwaka huo vizuri. 1997 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na mwisho wake mvua za El Niño zikaanza kubomoa barabara. Safaricom, ambayo baadaye ilikuja kuwa mmoja wa wateja wake wakubwa, ilikuwa haijaanza kuuza laini kwa umma. Hilo lilikuja Oktoba 2000. Kwa maneno mengine, alifungua kampuni kabla mteja wake mkubwa hajafungua duka. Na ilipokuja kampeni ya Kenyans for Kenya mwaka 2011, wakati wa ukame ulioua watu na mifugo kaskazini, kampuni yake ilikuwa miongoni mwa walioshughulikia mawasiliano. Lengo la kwanza lilikuwa Sh500 milioni kwa wiki nne, na lilipitwa.

Nataka uone kitu kimoja hapo. Hakuanza na kampuni. Alianza na kazi. Miaka ya benki ilimpa ujuzi, na pia ilimpa watu waliojua akisema kitu kitafanyika Jumatano, kitafanyika Jumatano. Mtaji wa ushauri ni huo. Ofisi na samani ni mambo ya baadaye.

Sawa, lakini kazi zenyewe ziko wapi huku?

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanadhani ushauri ni kitu cha Upper Hill na Westlands, Nairobi. Hebu zunguka hapa nyumbani.

Moja, kaunti. Serikali za ugatuzi zilipoanza mwaka 2013, Bungoma na Trans Nzoia zilipata bajeti zao, na pia zikapata mzigo wa makaratasi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka ziwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Mpango huo unahitaji takwimu, vikao vya wananchi na mtu wa kuandika. Kisha kuna tathmini za miradi, mafunzo ya wafanyakazi na sera za idara. Kazi nyingine hufanywa na maafisa wenyewe, nyingine hutangazwa kama zabuni.

Mbili, mashirika. One Acre Fund, lile shirika la kukopesha wakulima mbegu na mbolea ambalo wengi wanalijua sasa kwa jina la Tupande, lilianzia Bungoma mwaka 2006. Na kati ya 2012 na 2014 utafiti mkubwa wa WASH Benefits ulisajili wajawazito 8,246 katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga ili kupima kama maji safi, vyoo, kunawa mikono na lishe vinamsaidia mtoto kukua. Fikiria idadi ya vijana waliotembea vijijini na simu mkononi wakiuliza maswali hayo. Huku magharibi tumehojiwa sana. Swali ni nani anaandika ripoti mwishoni.

Tatu, mazingira. Kituo cha petroli, kiwanda na miradi mingine mingi ya ujenzi haiwezi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya EMCA ya 1999, na anayeiandaa lazima awe mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Angalia Kitale inavyopanda majengo. Kila jengo kubwa lina mtu aliyelipwa kuandika hiyo ripoti. Mara nyingi mtu huyo ametoka Eldoret au Nairobi.

Nne, hawa tunaowapuuza: saco, shule, vyama vya ushirika vya maziwa na kahawa, hospitali ndogo za kibinafsi, makanisa yenye shule. Wanahitaji vitabu vipangwe, sera za wafanyakazi ziandikwe, wanachama wafunzwe. Hawana pesa nyingi, ila wanalipa, na hawahitaji zabuni ya kurasa sitini.

Ngazi huanzia vumbini

Ukiniuliza msichana wa Bungoma aanzie wapi, nitakwambia aanzie kwenye kukusanya data. Ile kazi ya siku kumi ambayo rafiki yako anakutumia kwenye WhatsApp usiku: "Wanataka watu wanaojua Kibukusu, leta CV kesho."

Wengi wanaichukulia kama vibarua. Wanahoji, wanalipwa, wanarudi nyumbani kungoja nyingine. Aliye na akili ya kampuni anafanya tofauti. Wiki ya kwanza anahoji. Kazi ya pili anaomba awe msimamizi wa timu, hata kwa nyongeza ndogo. Ya tatu anajifunza kutengeneza dodoso kwenye KoboToolbox au ODK, ambazo unaweza kuanza kuzitumia bila kulipa shilingi. Ya nne anakaa na yule anayesafisha data na kuuliza kwa nini nyumba moja imeandikwa ina watoto 43. Ya tano anaomba kuandika hata sura moja ya ripoti.

Hapo kwenye sura ndipo kampuni inapozaliwa. Anayehoji hulipwa kwa siku. Anayeandika hulipwa kwa kazi. Anayetafuta kazi na kuwaajiri wote wawili ndiye bosi.

Na lugha usiidharau. Mshauri wa kutoka mbali anahitaji mkalimani akiuliza mama wa Mlima Elgon kuhusu ng'ombe wake. Wewe unajua kwamba swali la "una ng'ombe wangapi?" linaweza kumfanya mzee anyamaze, kwa sababu si kila mtu anahesabu mali yake mbele ya mgeni. Unajua uanze na mvua, uje kwa majani, ndipo ng'ombe. Huo ni utaalamu. Uweke kwenye bei.

Digrii je?

Mimi chuo sikumaliza, kwa hivyo sina sababu ya kukupamba. Kuwa mkurugenzi wa kampuni hakuhitaji digrii. Sheria ya Kampuni ya 2015 inataka uwe umetimiza miaka 18, na inakuruhusu kuanza kampuni binafsi ukiwa mkurugenzi na mwenye hisa peke yako.

Lakini kupata kazi ni kitu kingine. Zabuni nyingi za ushauri zinatoa alama kwa vyeti vya mtaalamu mkuu na miaka yake ya uzoefu. Usajili wa NEMA unaangalia masomo. Ukaguzi wa vitabu ni wa wahasibu waliosajiliwa na ICPAK. Ukikosa cheti una mambo mawili: kirudie, au umwajiri aliye nacho na umlipe kwa heshima. Kampuni nyingi zimesimama hivyo, mmoja akiwa na cheti, mwingine akijua kutafuta wateja na kuendesha watu. Usichofanya ni kununua cheti mtaani au kupachika CV ya mtu bila ruhusa yake. Hiyo si njia ya mkato. Hiyo ni kesi.

Makaratasi, tuyamalize haraka

Usajili unafanyika eCitizen, huhitaji broka. Jina la biashara ni bei nafuu zaidi, kampuni ni ghali zaidi, lakini kampuni ndiyo inayokutenga na madeni ya biashara na ndiyo wateja wakubwa wanaitaka. Utahitaji PIN ya KRA, cheti cha kuonyesha umelipa ushuru, akaunti ya benki ya kampuni na leseni ya kaunti.

Kisha AGPO. Tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Usajili wake ni bure. Mtu akikuomba pesa ya "kuharakisha", mwache hapo hapo.

Ukifanya utafiti, uliza mapema kama unahitaji kibali cha NACOSTI. Na kumbuka Sheria ya Kulinda Data ya 2019: majina na namba za simu za watu uliowahoji si za kuachwa kwenye kompyuta ya saiba.

Sasa hesabu, hapa ndipo watu hulia

Tuseme, kwa mfano tu, umepata kazi ya Sh400,000 kufanya utafiti wa mwanzo wa mradi wa kuku Bumula. Umepiga nduru, umenunulia chama soda. Ngoja.

Wahoji 10 kwa siku 8, kila mmoja Sh1,500 kwa siku: Sh120,000. Nauli na boda, Sh500 kila mmoja kwa siku: Sh40,000. Mtu wa kuchambua data: Sh60,000. Mafunzo, bando, uchapishaji na chai: Sh25,000. Mteja naye anakata asilimia 5 ya ada ya ushauri na kuipeleka KRA: Sh20,000. Umebaki na Sh135,000. Hiyo ni mshahara wako wa miezi miwili ya kazi, kodi ya ofisi, na akiba ya kampuni.

Ile asilimia 5 haijapotea. Ni ushuru uliolipwa mapema, unaudai ukijaza ritani, ila lazima uwe na cheti chake. Watu wengi hawakifuatilii, kisha wanalipa mara mbili. Pia mtu asikudanganye ulipe ule ushuru wa wafanyabiashara wadogo unaoitwa TOT. Hauhusu ada za ushauri. VAT ya asilimia 16 inakuhusu mauzo yako yakifika Sh5 milioni kwa mwaka. Na tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, KRA haiikubali kukupunguzia ushuru. Kwa hivyo yule wa kuchapisha mwombe risiti inayotambulika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuwa wameona KRA.

Tatizo kubwa kuliko yote ni muda. Wahoji wako wanataka pesa Ijumaa. Mteja anaweza kulipa baada ya miezi mitatu, na kaunti ikachukua miaka. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, zimeonyesha mara kwa mara kwamba madeni ya kaunti zote 47 kwa wanakandarasi na wauzaji yamepita Sh150 bilioni. Nyuma ya takwimu hiyo kuna watu waliokopa, wakafanya kazi, wakauza shamba wakingoja.

Kwa mwanamke hili linauma mara mbili, kwa sababu benki huuliza hatimiliki, na hatimiliki nyingi huku zina majina ya wanaume. Tangu 2017 kuna sheria inayoruhusu mali inayohamishika, hata pesa unazodai chini ya mkataba, itumike kama dhamana ya mkopo. Uliza benki au saco yako kama wanaikubali. Lakini usiweke maisha yako yote kwa mteja mmoja. Dai malipo ya awali kabla timu haijatoka. Gawa malipo: sehemu ukisaini, sehemu ukitoa rasimu, sehemu ya mwisho ukitoa ripoti. Na kwa mwaka wa kwanza chukua zaidi saco, shule na mashirika kuliko kaunti.

Bosi wa karatasi

Hii sehemu ndiyo iliyonifanya niandike makala yote, kwa hivyo isome polepole.

Sheria ya kutenga zabuni imezaa mchezo. Mwanaume mwenye kampuni anataka ile asilimia 30. Anamwendea mke, shemeji, binamu, au msichana aliyemaliza chuo juzi, na kumwambia: "Nipe kitambulisho na PIN, tusajili kampuni kwa jina lako. Hutafanya chochote. Kazi ikipita, nitakukumbuka." Msichana hana kazi. Sh10,000 ni pesa. Anasaini.

Sasa elewa ulichosaini. Mbele ya serikali, mkurugenzi ni wewe. Ritani zisipojazwa, faini inakuja kwa kampuni yako. Kazi ikifanywa ovyo, jina linalofungiwa kushiriki zabuni za umma ni lako. Wapelelezi wakija, hawatamtafuta shemeji. Na siku ukiwa tayari kufungua kampuni yako mwenyewe, utakuta jina lako limeshachafuka ukiwa na miaka 25.

Kama tayari uko ndani, si mwisho wa dunia. Ingia eCitizen uone kampuni zipi zina jina lako. Omba kuona taarifa za benki na ritani, ni haki yako kama mkurugenzi. Wakikataa, jiuzulu kwa maandishi, peleka taarifa kwa msajili wa kampuni na uweke nakala. Ikibidi, mwone wakili.

Upande wa pili ni yule bosi wa kweli anayechukuliwa kama wa karatasi. Umejenga kampuni, unaingia mkutanoni na msaidizi wako wa kiume, na mteja anamsalimia yeye kwanza, anamkabidhi yeye mkataba, kisha anakugeukia, "Mama, wewe utaandika dakika za mkutano?" Hapo huhitaji hotuba. Mwambie msaidizi wako mapema kwamba maswali yote ya pesa na mkataba anayaelekeza kwako. Fungua mkutano wewe. Saini wewe. Mara ya pili watajua.

Na yule anayekuambia zabuni itapita mkikutana hotelini jioni, hiyo si zabuni. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamhusu afisa wa umma anayetumia cheo chake hivyo. Weka ujumbe wake, mwambie mtu unayemwamini, na usiende peke yako mahali popote. Kukataa kunaweza kukugharimu hiyo kazi, sitakudanganya. Ndiyo maana unahitaji wateja watano, si mmoja.

Wiki hii ufanye nini

Usichapishe kadi. Usikodi ofisi. Fanya haya matatu.

Andika kwenye ukurasa mmoja kitu unachojua ambacho mtu Trans Nzoia au Bungoma anaweza kulipia, na majina ya watu kumi unaoweza kuwaonyesha. Kama ukurasa haujai, bado unahitaji kazi ya mtu kwanza, na hakuna aibu. Gina Din alikaa benki zaidi ya miaka kumi.

Pili, tafuta saco, shule au kikundi cha akina mama kilicho karibu, uwafanyie kazi moja ndogo kwa bei ndogo lakini kwa mkataba na ripoti iliyoandikwa vizuri. Usiifanye bure. Cha bure hakisomwi. Ripoti hiyo ndiyo utakayomwonyesha mteja wa pili.

Tatu, tafuta wenzako wawili, mmoja anayejua hesabu, mwingine anayejua kuandika. Kutoka Kitale ukipitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye mpaka Bungoma si safari ya kutisha. Mnaweza kuhudumia miji yote miwili kabla mtu wa Nairobi hajaamka kupanga safari.

Kisha, siku mama akiuliza tena unauza nini, mpe ile ripoti aishike.